Yeye ataka mlima, mimi nataka bahari

Maswali ya wasomaji, yakijibiwa na Shangazi wa Raskazone, Tanga

Toleo lililopita nilidokeza, kwa mistari minne tu, kwamba Agosti mimi na mzee wangu tulikwenda kutembea Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro. Nilidhani nimepita. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua na ujumbe wa simu vimemiminika hadi mhariri akaniuliza kama nimefungua ofisi ya safari. Sijafungua. Nimechagua barua tano, nyingine zinafanana. Waliotaka mafuta ya langilangi wanisamehe: nilileta chupa mbili ndogo, na binti yangu alishazigawa kabla sijafungua begi la pili.

*Shangazi, shikamoo. Mimi na mume wangu tuna miaka kumi na miwili ya ndoa, na hatujawahi kusafiri wawili peke yetu. Kila safari ni msiba au harusi. Upatu wangu unatoka mwezi wa sita. Tumekubaliana Ngazija, na makubaliano yameishia hapo. Yeye ataka kupanda Karthala na kulala hukohuko juu. Mimi nataka bahari, nikae, nisipike, nisiitwe mama na mtu. Tuna siku sita. Wiki nzima tumenuniana. Nani ana haki?* (Mama wa watatu, Makorora)

Marahaba, mwanangu. Haki ni yako kwa kuwa upatu ni wako, na mumeo kama anasoma hapa namsalimu. Lakini hata mimi niliondoka Tanga na mgawanyo huohuo kichwani: mlima wa mzee, bahari yangu. Siku ya pili tu kisiwa kilinionyesha kwamba nimegawanya vibaya.

Kwanza mlima wenyewe, ujue mumeo anaomba nini. Karthala ni mlima wa volkano, una mita 2,361. Sisi watu wa Tanga tumeharibiwa na Lushoto. Unapanda basi stendi, unazungushwa kona za Soni, unashuka mita 1,400 hivi juu ya bahari na kanga yako haijakunjamana, kisha unanunua plamu. Karthala hauna basi la kukufikisha. Gari inakuacha kwenye vijiji vya juu ya Moroni, sisi ilituacha Mvouni, na kuanzia hapo ni miguu: migomba, kisha msitu wenye ukungu, kisha vichaka, kisha majivu. Wengi hulala njiani penye kibanda, mahali wanapopaita Convalescence, ndipo wamalizie kesho yake. Juu kuna bonde kubwa la mviringo, kama kilomita tatu kwa nne, na ndani yake mashimo mengine. Mdomo wa volkano ndio huo.

Mzee wangu ana miaka 63 na ubishi wa miaka 20. Kijana aliyetuongoza alimwambia abebe lita tano za maji. Akabeba tatu. "Nimefunga Ramadhani za kaskazi Tanga," akamwambia, "nitashindwa na kilima?" Kijana akatabasamu, akaongeza chupa mbili kwenye mzigo wake mwenyewe bila kusema lolote. Namwombea dua mpaka leo, maana mlima ule mkubwa wote, unaonyeshewa mvua ile yote, haukuwa na hata chemchemi moja ya kuchota njiani.

Mimi nilikwenda nao mpaka migomba ilipoishia, kama saa tatu za kupanda. Hapo magoti yakasema basi. Mdogo wake kijana akanirudisha, na tangu dakika hiyo nikawa na siku mbili za peke yangu. Nakusimulia nilivyozitumia kwa sababu jibu lako limo humo.

Tulifikia Itsandra, nje kidogo ya Moroni, kwenye nyumba ya mama mjane anayekodisha vyumba viwili. Jioni ile nilirudi na matope hadi magotini. Bafuni kulikuwa na pipa la bluu na kopo. Nikaoga kama ninavyooga kwangu Raskazone, ambako maji ya Mto Zigi hayajawahi kunifundisha adabu: nikajimwagia, nikajisugua, nikajimwagia tena, nikafua dera, nikafua ushungi, nikasuuza mara mbili. Pipa likaisha, nikaona limejazwa tena, nikashukuru.

Asubuhi mwenye nyumba alinimiminia chai, kisha akanishika mkono hadi uani. Akafunua mfuniko wa bati. Chini palikuwa na birika la saruji, upana wake kama kitanda cha watu wawili, maji yametulia humo meusi. Akachukua ufito wa mwanzi uliosimama ukutani, wenye mikato ya kisu, akauzamisha hadi ukagota, akautoa. Akanionyesha mkato wa jana. Akanionyesha unyevu wa maji ulipoishia leo. Kati ya hapa na hapa aliweka vidole viwili, vikaenea. Hakunigombeza. Aliurudisha ufito mahali pake, akaniuliza kama nataka mkate mwingine.

Niliona haya ambayo sijaiona tangu nilipokuwa mwari.

Basi ndipo nikauliza, na ndipo nikaeleweshwa. Ngazija mvua ipo, tena nyingi, lakini mto wa kudumu hakuna. Kisiwa kizima ni lava iliyopoa, na lava ina matundu kama andazi lililoumuka; mvua ikianguka inazama yote. Kwa hiyo watu hukinga maji ya paani kwa mfereji, yakaingia birikani, na birika ndilo mto wao. Aprili 2005 mlima ulipolipuka, majivu yalidondokea mabati na mabirika, na maelfu ya watu wakakosa maji ya kunywa ilhali nyumba zao zimesimama vilevile. Mama yule alikuwepo. Alisema yaliyomsumbua zaidi ni rangi ya chai.

Umeona, mwanangu? Mimi nilidhani mlima nimeuacha kule juu na mzee. Kumbe nilikuwa nimeuoga.

Na bahari yako nayo ni hiyohiyo. Usiende ukitarajia Unguja au Pemba, visiwa vyetu vya matumbawe vyenye mchanga hadi mlangoni. Katika visiwa vinne vya Komoro, Ngazija ndicho kichanga kuliko vyote. Maore ndicho kikongwe, ndiyo maana kimezungukwa na mwamba mkubwa wa matumbawe na bahari tulivu ndani yake. Matumbawe hayajengi kwa haraka, na Ngazija bado hayajapata nafasi. Sehemu nyingi utakuta mawe meusi yameingia baharini wima, mawimbi yanapigana nayo. Mchanga mweupe utaupata zaidi kaskazini, upande wa Mitsamiouli. Hata gati la zamani la Moroni limezungukwa na majabali meusi, na msikiti mkongwe wa Ijumaa, ulioanza kujengwa mwaka 1427, unang'ara mweupe mbele yake kama kanzu iliyopigwa pasi. Kaa pale jioni. Hutaombwa kiingilio na mtu.

Chakula: hutapika, na hutajuta. Samaki wa kuchoma na ndizi mbichi, na pilipili yao inaitwa putu, ogopa. Mataba yao ni kisamvu cha nazi, tofauti na chetu utaitafuta kwa tochi. Kamba koche humpika kwa vanila. Mzee alisema ni dhambi kumtia kamba kitu cha keki. Akala wawili.

Alirudi siku ya pili jua likizama. Kisigino cha kiatu cha kulia hakipo, uso umepauka kwa vumbi, midomo imepasuka, na, ajabu, kimya. Nilimuuliza ameona nini, akasema, "Shimo." Alipokwisha kula akatia mkono mfukoni akanitolea jiwe, jeusi, jepesi kama dodoki kavu. Wanawake wa pwani tunalijua jiwe la namna hiyo, bahari hututupia mara moja moja tukasugulia visigino. Sikuwahi kujiuliza linatoka wapi.

Siku ya nne tulikwenda pamoja Singani, kusini, yeye akichechemea, mimi na mwavuli. Mwaka 1977 mlima ulipasuka ubavuni, lava ikashuka juu ya kijiji kile. Leo pana majani na miti michanga, lakini mkondo bado unauona: mawe yaliyojikunja kama ukoko wa sufuria, yanashuka kuelekea baharini. Nilitandika kanga nikakaa. Jua lilikuwa limeyachoma mawe hata moto ukapenya kanga, nikaruka. Mzee akasimama muda mrefu ameegemea fimbo. "Hapa palikuwa jiko la mtu," akasema. Ndiyo maneno yake marefu ya kwanza tangu ashuke. Kule juu, alisema baadaye, alikuwa anatazama shimo la Mungu. Hapa alikuwa anatazama nyumba.

Kwa hiyo uamuzi wangu. Mpe mumeo usiku mmoja wa mlima, mmoja tu, na lita tano, na kiongozi wa huko. Wewe panda naye hadi migomba iishe, kisha rudi ukae, usiitwe mama. Akishashuka mpumzishe siku nzima, halafu tembeeni wawili. Nendeni kaskazini mkaone Ziwa la Chumvi, ambalo nalo ni mdomo wa volkano uliojaa maji, hatua chache kutoka baharini. Wenyewe husimulia kwamba palikuwa na kijiji, akapita mgeni akaomba maji, akanyimwa na wote isipokuwa mwanamke mmoja, kijiji kikazama. Niliposimuliwa kisa kile nikakumbuka vidole viwili vya mwenye nyumba, nikatazama chini.

*Shangazi, nafunga ndoa Julai, inshallah. Nataka kumpeleka mke wangu Ngazija kwa fungate. Rafiki yangu anasema kuna vyombo vya mizigo vinavyochukua abiria kutoka Dar kwa bei ndogo. Na nibebe shilingi au dola?* (Bwana harusi, Pangani)

Mwanangu, usimlaze bibi harusi juu ya magunia. Wewe ni wa Pangani, wajua kusi la Julai linavyovuma. Pandeni ndege kutoka Dar hadi Hahaya, uwanja ulioko kaskazini ya Moroni. Safari haifiki saa mbili, mkanda hujaulegeza wanakwambia ufunge tena.

Shaka yangu ni huo mwezi. Julai na Agosti ndiyo miezi ya anda, ile ndoa kubwa ya Wangazija, ambayo mwanamume anaweza kuidunduliza nusu ya maisha yake ndipo ahesabiwe mtu mzima wa kuketi na wakubwa. Wale wanaoishi Ufaransa hurudi kwa mkupuo. Wenyeji wamewapa jina la utani, je-viens, yaani "naja". Ndege zajaa, teksi zapanda bei, vyumba hakuna. Sisi tulikwenda Agosti kwa ujinga na tulilipia ujinga huo. Faida yake, nilialikwa ngoma ya mtu nisiyemjua, twarabu hadi usiku mkubwa, nami binti wa Tanga sikuona ugeni hata chembe.

Kama waweza kusubiri, nendeni Septemba au Oktoba. Jua bado lipo na wageni wa Ulaya wamerudi makwao. Kuanzia Novemba hadi Aprili ni mvua na joto, na tufani hupita: Kenneth ilikipiga kisiwa kile Aprili 2019.

Fedha: faranga yao imefungwa kwenye yuro, yuro moja ni faranga 492 hivi. Beba yuro taslimu, noti ndogondogo. Kadi ya benki ichukulie kama picha ya ukumbusho. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iweke pamoja na pasi.

Ukiwa na siku za ziada, kisiwa cha Mwali kina kasa wanaopanda ufukweni Itsamia kutaga usiku, na bahari yake imehifadhiwa tangu 2001. Boti ndogo huondoka Chindini, ncha ya kusini ya Ngazija, kwenda Hoani. Ukifika ukaona hakuna jaketi la kuokolea, au watu wamepangwa kama dagaa, mshike mkeo mkono mrudi mkanywe chai. Kasa hawaendi popote.

*Bi mkubwa, kijana wangu na mkewe wanataka kwenda kutalii kwenye mlima unaolipuka. Nimekataa. Mkwe wangu ananiambia, "Mama, hizo ni habari za zamani." Ni za zamani?* (Mama mkwe, Muheza)

Nusu nusu, dada yangu. Mwaka 1903 hewa yenye sumu iliyotoka mlimani iliua watu 17. Mwaka 1977 ni Singani niliyoieleza. Ukalipuka 1991, ukalipuka mara mbili 2005, ukawaka tena Mei 2006, na Januari 2007. Baada ya hapo umetulia, lakini mlima uliotulia haujastaafu.

Sasa sikia na upande wa pili. Lava ya Karthala ni nyepesi, hutiririka kama uji, na mara nyingi mtu mwenye miguu huikimbia. La hatari zaidi ni maji ya chini ya ardhi yanapokutana na moto kule ndani. Hapo ndipo mvuke hupasua na kurusha mawe na majivu. Ndiyo sababu Moroni kuna kituo cha kuulinda mlima, chenye mitambo inayosikia mtetemo wa ardhi. Mitetemo ikizidi, njia za juu hufungwa. Wakiambiwa zimefungwa, wasitafute kijana wa kuwapitisha uchochoroni.

Na tusiwatazame Wangazija kama watu wanaolala juu ya baruti. Ol Doinyo Lengai yetu wenyewe ililipuka 2007 hadi 2008, na watu wanaipanda kila mwaka. Kinachowaumiza wapandaji, kwa niliyoyaona kwa mzee wangu, ni kifundo cha mguu, kiu na baridi. Usiku kule juu ni baridi ya Lushoto mwezi wa saba, na zaidi. Mpe mwanao sweta. Mkweo naye akurudie vizuri, "habari za zamani" si neno la kumwambia mama mkwe. Lakini ukimruhusu, muagize vanila. Ile ya kwao ina harufu hadi mfuko wa begi umenukia miezi miwili.

*Mimi mvuvi wa Kigombe. Mwanangu katoka shule na neno: ati silikanti ni samaki wa Ngazija, Tanga tumeazima. Nimeona silikanti kwa macho yangu kwenye jarife. Tumeazima kwa nani?* (Mvuvi)

Nilicheka, kisha nikamwita mzee asome, maana hapa alikuwa na la kusema kuliko mimi.

Mwambie mwanao hivi. Wataalamu walimjua silikanti kwenye mawe tu, wakasadiki kwamba alitoweka pamoja na dainosari. Mwaka 1938 akaingia kwenye wavu huko Afrika Kusini, karibu na East London, na dada mmoja wa makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, akamwona kwenye rundo la samaki wa kawaida. Mtaalamu J.L.B. Smith akatafuta wa pili miaka kumi na minne, akasambaza karatasi zenye picha na ahadi ya pauni 100. Desemba 1952 akapatikana Nzuani, Komoro. Wavuvi wa huko walishangaa mshangao wa wazungu. Wao walikuwa na jina lake tayari, gombessa, na walijua nyama yake haina maana, mafuta matupu, inaendesha tumbo.

Hapo ndipo Komoro ikapata sifa yake. Kwetu, tangu 2004, wavuvi wa pwani ya Tanga wakaanza kuwatoa kwenye majarife, mmoja baada ya mwingine, hata mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Kwa hiyo hakuna karatasi ya kuazima. Bahari ni moja.

Tofauti iko kwenye nyumba. Ngazija, silikanti hushinda mchana ndani ya mapango ya lava, mita 150 hadi 250 chini, hutoka usiku kuwinda. Sisi hatuna lava, mapango yetu maarufu ya Amboni ni ya mawe ya chokaa na yako nchi kavu; wa kwetu wanajibanza kwenye makorongo na miamba ya chini ya bahari. Pale makumbusho ya Moroni yupo mmoja amehifadhiwa. Nilisogea hadi pumzi yangu ikafanya ukungu kwenye kioo. Mkubwa, magamba kama vigae, na mapezi hayakuota mwilini moja kwa moja kama ya changu au kolekole. Yamekaa juu ya vikonyo vinene, kama mkono wa mtoto mchanga unaotafuta kitu. Mzee akasema anafanana na mtu tunayemjua Ngamiani. Jina nalihifadhi.

Tena ukoo wa samaki yule una miaka kama milioni 400, na Ngazija yenyewe, kisiwa kizima na mlima wake, haijafikisha hata milioni moja. Mpangaji ana umri kuliko nyumba. Mwambie mwanao akamuulize mwalimu hapo nani kaazima kwa nani.

Mzee anasisitiza niongeze kwamba timu ya taifa ya Komoro inaitwa kwa jina la samaki huyo, na kwamba Januari 2022 iliifunga Ghana 3-2 kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Nimeongeza. Arudi kwenye gazeti lake.

*Shangazi, mtu akiwa na Kiswahili tu atasikilizana nao, au lazima Kifaransa?* (Kijana wa Chumbageni)

Utasikilizana, ila taratibu. Kingazija na Kiswahili ni watoto wa mama mmoja waliolelewa nyumba mbili. Ukisikiliza unashika neno hapa, neno pale, kisha sentensi inakuponyoka. Wazee wengi waliwahi kuishi Unguja au Dar na watakujibu Kiswahili kitamu kuliko chako. Ofisini ni Kifaransa, msikitini Kiarabu. Sokoni ni vidole.

Mtego mmoja tu. Tulikuwa soko la Volovolo, mzee akamwokotea mtoto wa miaka kumi hivi ndimu iliyobingirika. Mtoto akapokea, akamtazama usoni, akamwambia, "Marahaba!"

Mzee alisimama kama aliyepigwa kofi. "Nimemwamkia saa ngapi?" Alinung'unika sokoni, akanung'unika kwenye teksi, mtu wa miaka 63 anaitikiwa marahaba na kitoto chenye kamasi. Mwenye nyumba wetu alicheka hadi akaweka sinia chini. Kumbe kwao marahaba ndiyo asante.

Tangu turudi, kila nikimwekea chai ananiambia marahaba. Wajukuu wameamini kwamba bibi yao ndiye humwamkia babu kila asubuhi, na mdogo wao ameanza kuniuliza babu amenizidi miaka mingapi.